Maua ya Airisi Yataka Kupunguzwa

Wako watu wengi, makarani, walimu na wakulima, ambao wakiisha kujenga nyumba hupenda iwe na maua mbele ya mlango. Jambo hilo ni jema. Mgeni afikapo huyaona maua kabla ya kumwona mwenye nyumba, na kabla hajapiga hodi amekwisha kujua kwamba hapo pana watu wapendao utaratibu. Lakini bustani si picha, hata itundikwe ukutani na kusahauliwa. Kila mmea una desturi yake. Mwenye kuijua desturi hiyo hufurahi mwaka baada ya mwaka, bali asiyeijua hupata maua msimu mmoja au miwili, kisha hulalamika kwamba udongo ni mbaya, au kwamba jirani ana mkono wa heri kuliko yeye.

Miongoni mwa maua yaletayo malalamiko hayo, airisi ni mojawapo. Mwaka wa kwanza hujikusanyia nguvu, wa pili na wa tatu hupendeza mno, halafu maua huanza kupungua, na mwishowe hubaki majani matupu yaliyosongamana kama nyasi za kuezekea. Wengi hudhani mmea umezeeka, wakaung'oa na kuutupa. Wengine huuongezea samadi, nao ukazidi kuharibika. Dawa yake ya kweli ni kisu, makasi, na kazi ya asubuhi moja. Makala haya yataeleza namna ya kuifanya kazi hiyo.

MZEE NA MAUA YA MKEWE

Jirani yangu mmoja, katika nyanda za juu penye baridi, alikuwa karani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mkewe alikuwa amepanda airisi za rangi ya zambarau kando ya njia iingiayo nyumbani. Mama huyo alipofariki, mzee aliyatunza maua yale kwa namna alivyojua yeye: hakumruhusu mtu yeyote kuyagusa. Watoto walikatazwa kucheza karibu nayo, na kijana wa shamba alikatazwa kupitisha jembe. Miaka mitano ikapita. Kila mwaka maua yalikuwa machache kuliko ya mwaka uliotangulia, hata mwaka wa tano halikutoka hata moja. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, naona maua haya nayo yanamfuata mwenyewe."

Nilipoinama kutazama, niliona ya kuwa mmea ulikuwa hai bado, ila ulikuwa ukijisonga wenyewe. Mashina yalikuwa yamepandana, moja juu ya jingine. Katikati ya fungu palikuwa pamekauka, na machipukizi yaliyo hai yalikuwa yamesukumwa pembeni, yakitafuta nafasi. Nikamwambia kwamba hapana budi kuling'oa fungu lote na kulikata vipande.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mkono uliopanda haya haupo tena. Nikiyakata, nitabaki na nini?"

Nikamwuliza, "Mzee, mgomba wako kule nyuma ukiisha kuzaa mkungu, waufanya nini?"

Akajibu, "Naukata, ili watoto wake wapate nafasi."

Hakusema zaidi. Aliinuka, akaenda kutafuta jembe.

AIRISI NI MMEA WA NAMNA GANI

Jina hili latokana na Kiyunani cha kale, ambamo neno iris lilikuwa na maana ya upinde wa mvua. Na kweli maua yake yana rangi nyingi: zambarau, samawati, manjano, nyeupe, hudhurungi, na mengine yamechanganya rangi mbili au tatu. Ziko aina zipatazo mia tatu, na asili yake ni nchi za kaskazini mwa dunia, yaani Ulaya, Asia, Afrika ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Iko moja nyeupe ambayo asili yake ni Yemen na Saudia. Tangu zamani Waislamu wa nchi nyingi wameipanda makaburini, na kwa njia hiyo imeenea mbali sana na kwao. Katika Italia, upande wa Toscana, watu huchimba mashina ya airisi, huyamenya na kuyakausha, kisha huyaweka miaka kadhaa mpaka yatoe harufu nzuri, ndipo yatumiwe katika kutengeneza manukato.

Airisi ijulikanayo zaidi katika bustani ni ile yenye ndevu. Ua lake lina sehemu tatu zilizosimama na tatu zilizoinama, na juu ya hizo zilizoinama pana mstari wa nywele fupi, ndizo ndevu zenyewe. Majani yake ni marefu na yenye ncha kama upanga, nayo yamepangwa bapa kama upepeo. Shina lake hulala juu ya ardhi, nalo ni nene na lenye pingili, kama tangawizi. Shina hilo tutaliita tunguu. Ndilo ghala ya chakula cha mmea, na kutoka pande zake huchipuka matunguu mengine madogo.

Sasa lishike neno hili, maana ndilo msingi wa kazi yote. Tunguu moja huchanua mara moja tu. Likiisha kutoa ua, halitatoa jingine kamwe. Kazi yake inayobakia ni kuwalisha watoto wake waliochipuka ubavuni, na hao ndio watakaochanua msimu ufuatao. Kama watoto hao wana nafasi na jua, maua yatakuwa mengi kuliko ya kwanza. Kama wamebanwa na matunguu makuukuu yasiyo na kazi tena, watakosa jua, watakosa chakula, na hakuna atakayechanua. Basi aliyekataa kukata kwa huruma amewaonea wale walio hai kwa ajili ya wale waliokwisha kumaliza kazi yao.

USAFI WA SIKU ZOTE

Kazi ya usafi yafanywa kila juma, wala haichukui zaidi ya dakika chache. Bua moja huwa na vichwa kadhaa vya maua, navyo havifunguki vyote siku moja. Ua moja likinyauka, liondoe taratibu kwa vidole, ukiangalia usivunje vichwa vilivyo bado kufunguka. Ua la mwisho likiisha kunyauka, likate bua zima karibu na tunguu. Ukiliacha, mmea utapoteza nguvu kwa kutengeneza mbegu, na bua likioza laweza kupeleka uozo mpaka ndani ya tunguu.

Majani yaliyokauka huvutwa kwa mkono, upande kwa upande, nayo hutoka bila taabu. Jani likikataa kutoka, halijafa bado, liache. Majani yakiwa na madoa ya kahawia, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kuvu, ambao huenea wakati wa mvua. Kata sehemu yenye madoa kwa makasi, ukateremka kidogo chini ya doa la mwisho. Takataka hizo usizitie katika shimo la mboji. Zichome moto au zifukie mbali na bustani.

Hapa pana kosa moja ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema. Maua yakiisha tu, huchukua makasi na kuyapunguza majani yote mabichi, ili bustani ionekane nadhifu kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Hilo si jambo la kufanya. Jani bichi ni jiko la mmea. Humo ndimo chakula hupikwa kwa nguvu ya jua, kikashuka kuwekwa akiba katika tunguu kwa ajili ya maua ya msimu ujao. Mwenye kukata majani mabichi kila mwaka anazima jiko huku akingojea kupakuliwa. Majani mabichi hufupishwa wakati mmoja tu, nao ni wakati wa kung'oa na kugawa, kama tutakavyoona.

Magugu yang'olewe kwa mkono, kwa maana mizizi ya airisi iko juu juu, na jembe huikata. Wala usiyafunike matunguu kwa nyasi au majani kama ufanyavyo katika kahawa au mboga. Airisi yenye ndevu hupenda mgongo wake upigwe na jua.

KUGAWA FUNGU LILILOSONGAMANA

Kazi hii hufanywa kila baada ya miaka mitatu au minne. Wakati wake ni majuma machache baada ya maua kwisha, wakati mizizi mipya inapoanza kutoka. Kwa nchi yetu yafaa kuchagua siku za ukavu kabla ya mvua kuanza, ili majeraha ya kisu yapate kukauka kwanza, na mvua ikija iukute mmea umekwisha kupona. Kufanya kazi hii katikati ya mvua kubwa ni kualika uozo.

Kwanza, lichimbe fungu lote kwa jembe la meno, ukianza mbali kidogo na majani ili usiyatoboe matunguu. Liinue, likung'ute udongo, na likiwa chafu sana lioshe kwa maji ili upate kuona vizuri.

Pili, tazama lipi ni kuukuu na lipi ni changa. Tunguu kuukuu halina majani, limesinyaa, na mara nyingi lina kovu la bua lililokatwa. Tunguu changa ni gumu, limejaa, lina mizizi myeupe na kichwa cha majani yenye afya. Kata kwa kisu kikali mahali wanapoungana. Kila kipande kiwe na kichwa cha majani na mizizi yake. Yale makuukuu yatupe bila majuto.

Tatu, yafupishe majani mpaka yabaki kiasi cha sentimita 15, yaani inchi sita. Yakate kwa mshazari kutoka pande mbili, yapate umbo la upepeo mdogo. Sababu yake si urembo tu. Mmea uliong'olewa umepoteza mizizi mingi, nao hauwezi kunywa maji ya kutosha majani marefu. Tena majani marefu hushikwa na upepo, na upepo huutikisa mmea kabla haujajishikilia ardhini. Mizizi mirefu sana nayo waweza kuipunguza.

Nne, viweke vipande hivyo kivulini penye hewa kwa siku moja au mbili, mpaka mahali palipokatwa pawe pakavu na pagumu. Wengi hupaka majivu makavu ya kuni juu ya jeraha, na wengine hutumia unga wa kiberiti. Usione haraka. Tunguu halifi kwa kukaa siku mbili nje ya udongo, lakini likifukiwa na jeraha bichi laweza kuoza.

KUPANDA UPYA

Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa nusu ya siku au zaidi, na ambapo maji hayatuami. Kama bustani yako ni ya udongo mzito, inua tuta kwanza. Udongo mwekundu wa nyanda za juu mara nyingi una uchachu. Chokaa kidogo au majivu kidogo yakichanganywa humo husaidia. Samadi mbichi usiitie kabisa. Samadi nyingi huleta majani manene yaliyo laini, yasiyo na maua, tena yaozayo upesi. Mboji iliyoiva vizuri, tena kidogo, yatosha.

Chimba shimo la kina kifupi, ukiacha kijituta katikati yake. Likalishe tunguu juu ya kijituta hicho, iteremshe mizizi pande zote mbili, kisha uifunike udongo na kuukandamiza kwa mikono. Mgongo wa tunguu uonekane juu ya ardhi, kama kiboko aliyelala mtoni. Hili ndilo kosa la pili lililo kubwa: mtu aliyezoea kupanda viazi hufukia tunguu chini kabisa, halafu hushangaa kwa nini hapati maua. Kati ya mmea na mmea acha nafasi ya sentimita 30 mpaka 45. Nafasi hiyo itaonekana kubwa mno siku ya kupanda, lakini baada ya miaka mitatu itakuwa imejaa.

Mwagilia maji mara moja baada ya kupanda. Baadaye mwagilia pale tu udongo unapokauka. Usihuzunike kama mwaka wa kwanza maua ni machache au hayapo. Mmea uliohamishwa ni kama mtu aliyehamia kijiji kigeni. Hujenga nyumba kwanza, ndipo aalike wageni.

UGONJWA WA KUOZA

Ukiona majani yanageuka manjano tokea chini, na ukilivuta moja likang'oka lote kwa harufu mbaya, jua kwamba tunguu limeshikwa na uozo. Uozo huo huletwa na bakteria waingiao kwa njia ya jeraha, nao hustawi penye maji na joto. Usingoje. Lifukue tunguu, ukwangue sehemu yote iliyo laini kwa kijiko au kisu mpaka ufikie nyama nyeupe iliyo ngumu. Liache lipigwe na jua siku moja au mbili, lipake majivu au kiberiti, kisha lipande mahali pengine. Kisu kisafishwe kwa spiriti au kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kukata mmea mwingine. Kisu kichafu huweza kuueneza ugonjwa katika bustani nzima kwa asubuhi moja.

ZISIZO NA NDEVU, NA JAMAA ZAKE WA KWETU

Kabla ya kushika makasi, hakikisha umeijua airisi uliyo nayo. Zile za kutoka Louisiana katika Marekani, na zile za Japani, hupenda udongo wenye maji, na matunguu yake hufunikwa. Ukizianika juani kama zile zenye ndevu utaziua. Tena airisi yenye ndevu hupenda baridi. Ndugu zetu wa Mombasa na Malindi wakiipanda huenda wakapata majani bila maua.

Airisi yenyewe si mmea wa asili wa nchi yetu, lakini ina jamaa zake waliozaliwa hapa. Mmoja ni yule ambao wataalamu humwita kwa Kilatini Dietes iridioides, aonekanaye kuanzia Ethiopia na Kenya mpaka Afrika ya Kusini. Majani yake ni membamba, ya kijani mwaka mzima, na maua yake ni meupe yenye manjano na zambarau kidogo. Ua moja hudumu siku moja tu, lakini hufuatwa na mengine. Yeye ana sharti lake, ambalo ni kinyume cha lile la airisi yenye ndevu: bua lake lisikatwe likiwa bichi. Bua lile lile lililochanua msimu huu litachanua tena msimu ujao, na pengine miaka mingine zaidi. Mwenye kuyakata mabua yote kwa kudhani anasafisha bustani amejinyima maua kwa mkono wake. Kata yale yaliyokufa na kukauka tu. Wala mmea huu haupendi kusumbuliwa mara kwa mara. Ukitaka mingine, kusanya mbegu zake uzipande.

ONYO KWA WENYE MIFUGO

Neno hili ni la maana kuliko uzuri wa maua. Airisi ina sumu, na nyingi yake iko katika tunguu. Mnyama akiila hutokwa na mate mengi, huumwa na tumbo na kuharisha. Mtoto akiitafuna, kinywa chake huwaka moto, naye huweza kutapika. Katika Afrika ya Kusini mimea mingine ya ukoo huu, iitwayo Moraea, inajulikana tangu zamani kwa kuua ng'ombe. Kwa hiyo, matunguu uliyoyatupa na majani uliyoyakata usiyamwage penye zizi, wala usimpe mbuzi ukidhani ni nyasi. Yakusanye siku ile ile, uyafukie shimoni au uyachome moto. Vaa glavu, au nawa mikono vizuri kazi ikiisha, kwa maana utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine. Na kama mbuzi wako hufungwa kamba karibu na bustani, sogeza kamba kabla ya kupanda.

MAUA YALIPORUDI

Katika fungu lile la mzee jirani yangu tulipata vipande kumi na saba vyenye afya. Tulivianika kivulini, tukapanda tisa kando ya njia, mahali pale pale alipopanda mkewe. Vitatu alivipeleka kaburini kwake. Vilivyobaki alivifunga katika karatasi, akaandika juu ya kila kifurushi jina la mtoto wake mmoja, kwa mwandiko ule mzuri wa makarani wa zamani, akawapa walipokuja nyumbani.

Mwaka wa kwanza lilitoka ua moja tu. Mwaka wa pili njia yote ilikuwa zambarau, na binti yake akaandika kutoka mjini kwamba kwake pia yamechanua. Mzee aliniita nikayaone. Alikuwa ameshika makasi, akitafuta maua yaliyonyauka, na katika mfuko wa shati lake palikuwa na daftari ndogo. Humo alikuwa ameandika tarehe ya siku tuliyopanda, na chini yake mwaka ambao fungu litastahili kugawanywa tena.

Basi, ndugu msomaji, kama unazo airisi nyumbani, zitazame wiki hii. Ukiona matunguu yamepandana na katikati pamekauka, ngoja siku za ukavu, noa kisu, na uandike tarehe.